Kikombe Kimoja, Nyumba Mbili

Umewahi kuulizwa maoni yako na mtu ambaye sheria imemruhusu kuyatupa? Gumato wa hoteli ya chai aliulizwa, au tuseme alikaribia kuulizwa, na hadi leo akifika hapo katika kusimulia hushika mbavu, akajicheka kwanza, ndipo aendelee.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Mvua ilikataa Isiolo, ikakataa Merti, ikakataa hata Kinna kwenye mifereji ya maji, na ng'ombe walioletwa sokoni walisimama kwa kuegemeana. Gumato alikuwa na miaka hamsini au karibu na hapo, mjane, na hoteli yake ya mabati ilikuwa ubavuni mwa soko la mifugo. Ndani aliuza chai, mandazi, na maharagwe siku maharagwe yalipopatikana. Mlangoni alisimamisha fimbo ndani ya debe, maana mchungaji akija kunywa chai mara nyingi ana haja ya fimbo pia. Fimbo zake zilijulikana kwa pete mbili za moto karibu na kishikio, moja nene na moja nyembamba. Alizichoma mwenyewe kwa waya wa moto, moja baada ya nyingine, na ile iliyopinda pete aliirudia. Alikuwa mtu wa mambo madogo madogo namna hiyo.

Asubuhi moja askari wa chifu alimletea samansi ya korti. Kwanza Gumato alidhani ni mambo ya leseni, akafunika sufuria kubwa kwa gunia. Kisha akaisoma, maana alifika darasa la nne na hakupenda watu wasahau. Akaisoma mara tatu. Jaji wa Korti Kuu anakuja Isiolo kusikiza kesi ya mauaji, na yeye, Gumato, ameitwa awe mmoja wa wazee watatu wa baraza, wale wanaokaa karibu na jaji na mwishowe kusema wanaonaje.

Alienda kwa chifu kuuliza kama karatasi haikupotea njia. Chifu alimweleza bila kumpamba. Mzee wa kwanza aliyemwandika alikuwa ameenda Merti kufuata ngamia wake. Wa pili ni binamu ya mshtakiwa. Wa tatu hasikii vizuri, na korti inataka mtu anayesikia. Wewe unajua Kiborana, Kiturkana na Kimeru, alisema, na hujaondoka na wanyama kwa sababu huna wanyama. Ukiwatoa hao wote, umebaki wewe.

Katika maneno hayo yote Gumato alisikia mawili tu: umebaki wewe. Alirudi hotelini akitembea katikati ya barabara.

Wifi yake Madina, dada ya marehemu mumewe, ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia hoteli siku za kesi. Madina aliitazama ile samansi kwa muda, ingawa hakujua kusoma, akairudisha mezani.

"Wallahi, wifi, Isiolo imepata jaji wa mandazi," alisema. "Sasa mteja akisema chai yangu ni nyepesi, nitamleta kwako umfunge?"

Wateja walicheka. Gumato pia alicheka, lakini cheko la mtu aliye juu ya ngazi. Alinunua mtandio mpya, garbasari ya rangi ya zambarau, na kwa siku nne zilizobaki alianza kukata hukumu ndogo ndogo: nani alitangulia kukaa kwenye benchi, nani alimaliza sukari. Hakuna aliyemwomba.

Kesi ilisikizwa katika ukumbi wa kaunti kansil, kwa kuwa chumba cha hakimu kilikuwa kidogo. Asubuhi ya kwanza karani wa korti, Kathambi, msichana wa Kimeru aliyepiga taipu kama mvua ya mawe, aliwaketisha wazee wake watatu: Mzee Yattani, aliyekuwa askari zamani na aliyeweza kusinzia macho yakiwa wazi, Mzee M'Ikiara, mkulima wa upande wa Meru aliyekuja na chakula chake ndani ya kitambaa, na Gumato na zambarau yake.

Kathambi aliwaeleza kazi. Watasikiza mashahidi wote. Wanaweza kuuliza swali kupitia jaji. Mwisho wa yote, jaji atamuuliza kila mmoja maoni yake, mbele ya watu.

"Mwanangu," Gumato aliuliza, "sisi tukisema hana hatia, anaenda nyumbani?"

"Jaji atawasikiza, mama. Kisha ataamua mwenyewe."

Akawaeleza jinsi mambo yalivyokuja kuwa hivyo. Wakati wa ukoloni, Mzungu akishtakiwa kwa kuua aliwekwa mbele ya Wazungu wenzake kumi na wawili, walioitwa juri, na hao wakisema hana hatia jaji hakuwa na lingine ila kumfungulia mlango. Mwafrika hakupewa kumi na wawili. Alipewa wazee wachache wa kumshauri jaji, ambao jaji aliweza kuwashukuru na kuwapita. Uhuru ulipokuja, wale kumi na wawili waliondolewa, wazee wakabaki.

"Kwa hivyo tulipata uhuru wa kushauri," alisema Mzee Yattani, akarudi kusinzia.

Gumato hakuyabeba hayo. Alibeba kwamba ataulizwa mbele ya watu. Katika miaka hamsini ya maisha yake aliwahi kuulizwa kama chai iko tayari, kama mume yuko, na bei ya mandazi. Maoni yake hakuna aliyeyaulizia.

Sasa kesi yenyewe. Mshtakiwa alikuwa Lochoro, mchungaji wa Kiturkana, mwembamba hata pingu zilimteleza. Aliyekufa alikuwa Aule, rafiki yake. Yalitokea kisimani. Visima vya huko vilichimbwa katika mchanga wa mto uliokauka, virefu kumshinda mtu, na mwaka ule watu walipanga zamu tangu alfajiri. Siku hiyo ugomvi ulizuka kati yao juu ya zamu. Lochoro alikuwa na fimbo mkononi. Aule alianguka, kichwa kikapasuka, akafa siku ya tatu. Hayo hakuna aliyeyabisha. Mwendesha mashtaka alisema Lochoro alikwenda kisimani na rungu, akiwa na nia ya kuua, akampiga Aule kichwani. Lochoro alisema aliinua fimbo kuzuia mbuzi, ikamgusa Aule begani, Aule akarudi nyuma, akaangukia mawe ya mdomo wa kisima. Daktari alisema kidonda kingeweza kutoka kwa rungu, na kingeweza kutoka kwa jiwe.

Ikiwa alikusudia, Lochoro atanyongwa. Ikiwa hakukusudia, atafungwa, kisha atoke. Kila kitu kilikuwa juu ya kile kilichokuwa mkononi mwake na kile kilichokuwa moyoni mwake.

Mawakili walibishana kwa kutajiana kesi za zamani. Mmoja alisema mwaka fulani Uingereza, mtu fulani alimpiga mwenzake kwa nyundo, na majaji wakasema hivi. Mwingine akajibu kwamba hiyo ilikuwa nyundo, na akatoa kesi ya mtu wa Nyanza na jembe. Watu ukumbini walipiga miayo, lakini Gumato alikaa wima. Alimkumbuka baba yake kule Kulamawe, aliyekuwa akisuluhisha mashauri ya visima, na ambaye hakukata shauri bila kusema: mwaka wa ndui kulitokea jambo kama hili, wazee wakalikata hivi, basi na sisi tusipotee. Kumbe ni kitu kimoja, aliwaza. Hawa nao wana wazee wao, ila wao wamewaandika.

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa Ijumaa, lile rungu lilitolewa. Lilikuwa na kikaratasi kimefungwa kwa uzi, nalo lilikuwa limekaa stoo ya polisi miezi minane. Jaji alilitazama, akalipeleka kwa wazee. Yattani alilipima uzito. M'Ikiara alilinusa. Kisha likafika mikononi mwa Gumato, na kidole gumba chake kikateleza chenyewe hadi karibu na kishikio.

Pete mbili. Moja nene, moja nyembamba.

Halikuwa rungu kamwe. Ilikuwa fimbo ya mti wa haroresa kutoka kwenye debe lake, ile nyembamba ya kupangia mbuzi, iliyokatwa ikiwa mbichi na sasa imekauka, imeingia weusi wa mikono ya watu, imekuwa ngumu kama mfupa. Na hapo akaikumbuka asubuhi ya siku ya ule ugomvi. Lochoro alikunywa chai moja, akalipia fimbo nzito, akaenda. Akarudi kabla benchi halijapoa. Alisema mbuzi wake wana mimba na hii itawaumiza, nipe nyepesi kuliko zote. Gumato alimtolea iliyokuwa chini kabisa ya debe, inayopindika kama mjeledi. Mji mzima ulikuwa ukisema rungu, rungu, kwa hivyo hakuwahi kufikiri kwamba kitu kile kilitoka mlangoni kwake.

Mtu mwenye busara angeinua mkono palepale. Lakini huyu alikuwa mtu mwenye garbasari mpya. Aliwaza: nikisema sasa, litakuwa jambo dogo, karani ataandika mstari mmoja na watu wataenda kuswali Ijumaa. Nikilitunza hadi siku ya maoni, jaji atageuka aseme, na wewe mama? Nami nitasimama, nitaomba fimbo iletwe, nitaonyesha pete ya kwanza, nitaonyesha pete ya pili. Aliiona ile siku yote, hata upande atakaosimama Madina. Akairudisha fimbo kwa Kathambi, uso mkavu kama wa mtu aliyepewa chenji kamili.

Jaji aliahirisha kesi hadi Jumatatu.

Jumamosi na Jumapili hizo ndizo zilizomharibia. Gumato hakutaka kufanya kazi ya wazee nusu nusu. Baba yake alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja: kabla ya kukata shauri, alikunywa maziwa kwa pande zote mbili. Alisema anayekunywa kwa mmoja ameshanunuliwa, asiyekunywa kwa yeyote ni mtu asiyewajali, bali anayekunywa kwa wote wawili tumbo lake limekuwa mizani. Gumato aliona korti imesahau jambo hilo kwa sababu jaji ni mgeni. Basi alitoa kikombe chake cha bati chenye maua mekundu, akakifunga ndani ya kitambaa, ili kipimo kiwe kimoja nyumba zote mbili. Juu ya hilo la kikombe alijipongeza njia nzima.

Kwa mama yake Lochoro alipewa chai yenye maziwa ya unga ya msaada. Mama huyo hakusema mengi, alimtazama tu akinywa, kama mtu anayetazama mlango ambao huenda ukafunguka. Kikombe kilijaa hadi ua la juu. Gumato alikinywa, akashukuru, akatoka.

Kwa Teresia, mjane wa Aule, hapakuwa na chai. Teresia alitoka nje na kibuyu, akamkamua mbuzi mmoja kwa muda mrefu, akarudi, akajaza kile kikombe hadi ua lilelile. Watoto wawili walisimama mlangoni wakikitazama kikombe kikipanda na kushuka. Gumato aliwaona, naye anasema aliwaona vizuri, lakini mizani ni mizani. Alikinywa chote.

Kisha akazungumza. Alizungumza saa mbili. Alieleza benchi lilivyo, jinsi jaji anavyovua miwani kabla ya kuuliza swali, jinsi wale kumi na wawili wa Wazungu walivyoondolewa, na kwamba Mzee Yattani husinzia lakini yeye hasinzii. Mara mbili Teresia alifungua mdomo.

"Mama, mimi kitu nilitaka..."

Mara zote mbili Gumato alimwinulia kiganja. "Usiniambie kitu, mwanangu. Mimi sasa ni korti."

Jumatatu asubuhi, kabla ya shahidi kuitwa, jaji aliwakumbusha wazee, kama ilivyo desturi, kwamba hawapaswi kuwa na ukaribu na upande wowote hadi kesi iishe. Mkalimani akageuza kwa Kiswahili: wasiegemee upande. Yattani akatikisa kichwa, M'Ikiara akatikisa kichwa. Gumato akasimama.

Alitaka tu kumtuliza jaji. Alimwambia asiwe na wasiwasi, jambo hilo ameshalitimiza: Jumamosi amekunywa kwa mama ya mshtakiwa, Jumapili kwa mjane wa marehemu, na hata kikombe ni kimoja. Akakitoa kwenye kitambaa kuonyesha ua.

Jaji alivua miwani.

"Ulizungumza nao juu ya kesi?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilizungumza juu yangu."

Watu wa nyuma waliangua kicheko, askari akagonga sakafu kwa kitako cha bunduki. Jaji hakucheka. Lakini hakumkaripia pia, na hilo Gumato anasema lilimuuma zaidi. Alimweleza polepole, mkalimani akifuata, kwamba anaheshimu desturi ya baba yake na anaona nia yake ilikuwa njema. Lakini desturi ya mahakama hii imetembea njia nyingine. Kwa baba yako, alisema, mwamuzi anakuwa wa haki kwa kukaribia wote sawasawa. Kwetu anakuwa wa haki kwa kuwa mbali na wote sawasawa. Siwezi kukuacha kwenye benchi hilo. Kesi itaendelea na wazee wawili, sheria inaruhusu.

Kutoka benchi la wazee hadi viti vya watu ni hatua kumi na moja. Gumato alizihesabu. Madina, aliyekuwa amefunga hoteli aje kuona fahari ya ukoo, alisogea ampe nafasi.

"Karibu, wifi," alinong'ona. "Hapa kwetu hakuna mto wa kukalia."

Gumato alikaa. Alijifunika garbasari hadi puani akaanza kuhesabu ni watu wangapi watakaokuwa wameisikia habari hii kabla ya adhuhuri. Katika hesabu yake alikuwa amefika sokoni na anaelekea stendi ya malori ndipo jambo jingine lilipomjia: fimbo. Ile siku aliyoitunzia sasa haipo. Hakuna atakayevua miwani na kumuuliza. Na katika ukumbi ule wote, labda Isiolo nzima, aliyejua kwamba Lochoro alirudisha fimbo nzito kwa kuwaonea huruma mbuzi ni Lochoro mwenyewe, ambaye hakuna aliyemwamini, na mwanamke mmoja aliyejifunika uso. Aliinua macho akamwona yule kijana kizimbani. Alikuwa akiinamisha shingo, akiisugua kwa mkono uliofungwa.

Aibu ilimwambia arudi nyumbani. Anakiri kwamba alisimama na akatembea hadi mlangoni. Lakini pale nje kwenye ukumbi wa mbele alikuwa Kathambi anakunywa maji kwenye mapumziko, na miguu ikakatalia hapo.

"Mwanangu," alisema, "mzee wa baraza akifukuzwa, mdomo wake nao unafukuzwa?"

Kathambi alimsikiza hadi mwisho, bila kumaliza maji yake. Kisha alimshika mkono na kumpeleka kwa wakili wa mshtakiwa, kijana aliyelipwa na serikali, mwenye suti iliyomzidi. Wakili yule alimsikiza mara moja, akamwomba arudie, na safari ya pili akaanza kuandika.

Alasiri hiyo upande wa mshtakiwa uliomba kumwita Gumato awe shahidi. Mwendesha mashtaka aliruka kama aliyekalia mwiba. Alisema mwanamke huyu alikuwa kwenye benchi, amesikia ushahidi wote, amekunywa chai ya mama ya mshtakiwa, na sasa anataka kurudi kwa mlango wa nyuma. Wakili kijana akasema hakunywa kwa upande mmoja tu. Wakabishana nusu saa, kesi za zamani zikatolewa tena, mpaka jaji alipopata moja ya majaji waliokufa zamani iliyomtosha. Alisema mtu ambaye si mzee wa baraza tena ni mtu kama mwingine, na anachokijua aseme kwa kiapo, aulizwe maswali. Kiasi cha kumwamini atakipima mwenyewe.

Gumato alipewa usiku ule ajitayarishe. Kesho yake alifika mlangoni na fimbo mbili za haroresa chini ya garbasari, nzito na nyepesi, askari akataka kumkamata kwa kuingia kortini na silaha. Kathambi alikuja kumwokoa. Basi akaapa kwa Kurani, na safari hii hakukuwa na benchi wala hatua, kulikuwa na kijisanduku cha mbao chenye msumari uliomshika nguo.

Alieleza yote. Alionyesha pete nene, akaonyesha pete nyembamba, lakini hazikung'aa kama alivyoziota. Alisema haroresa ikiwa mbichi haivunji hata chungu cha udongo, na miezi minane stooni ndiyo iliyoifanya rungu. Jaji aliitaka ile fimbo mpya nyepesi. Aliishika kwa mikono miwili akaipinda, ncha ikakaribia kugusana na ncha. Akaiachia, ikanyooka.

Mwendesha mashtaka alimuuliza, kwa nini tumwamini mtu aliyekaa na jambo hili tangu Ijumaa? Gumato aliangalia ule msumari. Angeweza kusema alisahau. Watu wengi kizimbani husahau.

"Nilikuwa nangoja niulizwe maoni," alisema. "Nilitaka nilisemee pale juu, watu wote wanione."

Hakuna aliyecheka, hata Madina. Jaji aliandika kitu, kisha akamwambia jambo ambalo Gumato hulirudia kila mara, maana anasema ndilo fundisho pekee alilotoka nalo. Kama angeliweka hadi mwisho na kulisema akiwa kwenye benchi la wazee, lisingefaa kitu. Lingekuwa ni maneno ya mshauri, bila kiapo, bila kuulizwa na upande wa pili, na yeye jaji angelazimika kuliweka kando. Ni kizimbani tu ndipo limekuwa ushahidi. Kwa maneno mengine, alielewa Gumato akishuka, kilichomzuia asimnyonge Lochoro kwa majivuno yake ni kikombe cha maziwa alichofukuziwa.

Mwishowe wazee waliulizwa. Mzee Yattani aliamka kwa wakati barabara, akasema kosa lipo lakini si la kunyonga. Mzee M'Ikiara alisema mtu amekufa na fimbo ni fimbo, ana hatia kama alivyoshtakiwa. Jaji aliwashukuru wote wawili, akaenda Meru, akarudi baada ya wiki mbili na karatasi zake. Hakukusudia kuua, alisema. Alitaja daktari, alitaja mbuzi wenye mimba, alitaja yule Mwingereza wa nyundo. Gumato alingoja atajwe kwa jina. Alitajwa kama shahidi wa pili wa utetezi, mfanyabiashara.

Basi shingo ya Lochoro ilipona. Kilichobaki ni kifungo, na hapo jaji ana nafasi pana, kutoka siku moja hadi maisha. Wakili kijana alisimama kuomba huruma, akasema maneno ya kawaida, umri, mama mzee, ukame. Kisha akaomba, kama jaji hana kizuizi, mjane wa marehemu asikizwe. Alikiri kwamba haikuwa desturi. Jaji alifikiri kidogo, akamwangalia Gumato kule nyuma, pengine bila sababu, akasema aje.

Kutoka pale alipokaa, Gumato alimwona Teresia akipita katikati ya viti akiwa amebeba mtoto mdogo, na ndipo alipokumbuka kile kiganja alichomwinulia mara mbili. Saa mbili nzima alikaa katika nyumba ile. Mtu aliyelia miaka hamsini kwamba haulizwi, alimkuta mwingine asiyeulizwa, akamnywea maziwa na kumwambia anyamaze. Alivuta garbasari ajifunike, kisha akaiacha. Alitaka kusikia.

Lochoro alifungwa miaka mitatu. Mawakili wenyewe walisema ingekuwa kumi kama si yale aliyoyasema Teresia, kwa Kiturkana, mkalimani akimfuata nyuma. Jaji alikuwa amemuuliza kama anataka mshtakiwa aadhibiwe vikali. Teresia alimhamisha mtoto kutoka bega moja hadi jingine.

"Tangu siku ya kwanza hakuna mtu aliniuliza, sasa nitasema," alisema. "Kisima chetu ni kirefu. Mmoja anasimama chini, mwingine juu, wanapitishiana ndoo. Aule ndiye alikuwa akisimama chini, Lochoro juu. Mimi nina watoto, siwezi kuwa chini na juu. Mmoja mlimzika, mwingine mkamfunga, na mbuzi wanakufa na kiu. Mimi nilitaka mnirudishie huyo mmoja aliyebaki."